112 sio uchawi: unaendesha peke yako, umepata shida, utawaambia uko wapi?

Ile meseji ya 112 imerudi tena. Wiki iliyopita nimeipata kwenye magrupu matatu, la familia, la kazini na la kikoba, neno kwa neno ileile: ukiwa unaendesha peke yako usiku ukapata shida piga 112, inafanya kazi dunia nzima, inafanya kazi hata pasipo na mtandao, hata simu ikiwa imelokiwa, hata bila laini, mtumie kila mwanamke unayempenda. Na chini yake watu wanashukuru, ubarikiwe, nimeisevu. Mi nilishindwa kushukuru kwa sababu ndani ya hiyo meseji kuna ukweli na kuna uongo na vimechanganyika kama mchele wenye mawe, ukiupika hivyohivyo kuna mtu atavunjika jino, na huyo mtu anaweza akawa dada yako yuko porini saa tatu usiku anasubiri namba imfanyie kitu ambacho namba haiwezi kufanya. Kwa hiyo ngoja tuuchambue huu mchele taratibu.

Na linanigusa kweli hili. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa natoka Iringa narudi Morogoro, niko peke yangu kwenye IST, nimechelewa kutoka na Kitonga nikakuta malori yamefuatana yanashuka kwa gia ndogo, mpaka napita Ruaha Mbuyuni pale wanapouza vitunguu giza limeshaingia. Mbele kidogo nikaingia kwenye shimo, tairi ya kushoto mbele ikaisha palepale. Spea ninayo, jeki ninayo, spana ya tairi haipo, sijui iliachwa gereji gani. Nachukua simu nampigia kaka yangu, haitoki. Juu ya kioo pale pa jina la mtandao pameandikwa Emergency calls only. Mi nikaona ndo basi hakuna mtandao, nikakaa kama dakika kumi nimefunga milango, nalia kidogo nanyamaza, ndo nikakumbuka 112 nikasema nijaribu. Ikaita. Ikapokelewa na baba mmoja sauti imetulia kabisa, akaniuliza, "Dada, uko mkoa gani?"

Sikujua. Mpaka wa Iringa na Morogoro uko maeneo yale yale na usiku hujui umeshavuka au bado. Nikamwambia niko njiani naenda Morogoro. Akaniuliza umefika wapi, nikamwambia nimeshapita vitunguu, huku ni porini tu baba, kuna mibuyu. Mibuyu! Bonde lote lile ni mibuyu. Akawa anaendelea kuniuliza simu ikakata, na nikakaa nimeishika nasubiri anipigie, hakupiga, na nilimlaumu sana moyoni usiku ule. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba asingeweza kunipigia hata angetaka, nitaeleza kwa nini.

Sasa tuanze na hilo la dunia nzima. 112 ilianza kama namba moja ya Ulaya, uamuzi wake ulipitishwa mwaka 1991, na wakati huohuo ndo simu za mkononi za GSM zilikuwa zinaundwa kwa hiyo 112 ikaingizwa ndani ya kanuni za simu yenyewe. Maana yake ni kwamba simu yako, iwe simu janja au kiswaswadu, ukibonyeza 112 haiichukulii kama namba nyingine, inajua hii ni dharura na inaipeleka kwa njia ya dharura. Hilo ni kweli popote. Ila simu kuielewa namba ni jambo moja, na kuwepo mtu upande wa pili anayepokea ni jambo jingine kabisa, hilo linategemea uko nchi gani. Kwetu Tanzania 112 ni polisi. 114 ni Zimamoto na Uokoaji. 115 ni gari la wagonjwa, wengi tumeijua kupitia m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Ukivuka Namanga au Holili uko Kenya, huko 999 na 112 zote zinaenda polisi na Msalaba Mwekundu wao wako 1199. Uganda ni 999 au 112. Rwanda wametenganisha, 112 dharura kwa jumla, 113 ajali za barabarani, 912 ambulensi. Walioko Oman wanajua ni 9999.

Hiyo 999 nayo ina historia yake ya huzuni. London mwaka 1935 nyumba iliungua mtaa wa Wimpole, jirani akapiga simu kuita zimamoto, simu yake ikawekwa kwenye foleni na simu za kawaida, wanawake watano wakafa mle ndani. Ndo ikaundwa namba moja ya kuruka foleni, ikaanza kazi tarehe 30 Juni 1937, na makoloni kadhaa yakairithi. Nasema hivi ili uelewe hizi namba kazi yake ni ipi, ni kuruka foleni. Hazina nguvu nyingine.

Halafu ndo tunakuja kwenye jiwe kubwa kuliko yote kwenye huu mchele, kwamba 112 inafanya kazi hata pasipo na mtandao. Hapana. Simu ni redio. Inaongea na mnara, na kama hakuna mnara unaofika hapo ulipo hakuna namba yoyote itakayotoka, 112 haina setilaiti yake ya siri. Kuna simu mpya za bei kali zinazoweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, ila hiyo huduma imefunguliwa kwa baadhi ya nchi tu na ni kitu tofauti na 112.

Lakini usiitupe meseji yote, kwa sababu hapo pana ukweli wa maana sana umejificha. Nchi yetu ina mitandao kadhaa na kila mmoja una minara yake. Laini yako ni ya mtandao A, umefika sehemu A hana mnara ila B anao. Kwa simu za kawaida B hakutambui, we sio mteja wake, anakukatalia. Kwa simu ya dharura anakupokea. Kwa hiyo kwenye kioo kuna hali tatu na ni vizuri ukazijua kwa macho kabisa. Ukiona jina la mtandao wako, uko sawa, piga unachotaka. Ukiona Emergency calls only, au kama simu umeiweka Kiswahili inaandika Simu za dharura tu, maana yake mnara upo, sio wa kwako, na 112 itatoka. Ukiona No service, au Hakuna huduma, hapo ndo hakuna mnara kabisa na unapoteza chaji kujaribu, bora usogee. Mi zile dakika kumi nililia bure, simu ilikuwa inaniambia kwa maandishi kwamba inaweza kupiga na mimi nikasoma kinyume.

Na hapa ndo jibu la yule baba kutonipigia. Simu inapokuwa kwenye hali ya dharura tu, haijasajiliwa kwenye ule mnara, imeazimwa njia ya kutoka peke yake. Kutoka inatoka, kuingia haiingii. Ndugu akikupigia, au hata polisi wakijaribu namba yako, wataambiwa haipatikani. Ndo maana sekunde zako za kwanza ni za thamani mno, sema mambo yote muhimu mwanzoni kabisa kana kwamba inakata baada ya nusu dakika, na ikikata usikae ukisubiri, piga tena wewe.

Kuna kingine kidogo kinachotokana na hilohilo. 112 imo ndani ya simu yenyewe, lakini 114 na 115 simu nyingi huenda zikazichukulia kama namba za kawaida tu, kwa hiyo mnara wa jirani hautazipitisha. Ukiwa na mtandao wako piga yoyote kati ya hizo kulingana na shida. Ukiwa kwenye Simu za dharura tu, anza na 112 hata kama unachotaka ni zimamoto, omba wakuunganishe au wafikishe taarifa.

Bila laini? Hiyo inategemea nchi. Uingereza hairuhusu simu isiyo na laini kupiga dharura, Ujerumani walifunga mwaka 2009 kwa sababu watu walikuwa wanachezea tu. Ushauri wangu usiweke maisha yako kwenye simu isiyo na laini, laini za kwetu ni bei ya soda. Simu ikiwa imelokiwa, hilo ni kweli, pale kwenye kuweka namba ya siri kuna sehemu ya dharura, mtu yeyote anaweza kupiga hata kama simu sio yake, mfundishe mtoto wako mahali hapo pa kubonyeza. Salio halihitajiki. Ila kumpigia fundi au ndugu linahitajika, na porini ndo utajua thamani ya Nipige Tafu au kwa wenzetu wa Kenya Okoa Jahazi, hakikisha tu hujakopa ukasahau kulipa kabla ya safari maana hawatakukopesha tena.

Yale mengine yanayoambatana na hiyo meseji nayapita haraka. Eti bonyeza *3370# upate chaji ya akiba, hakuna akiba, hiyo ilikuwa namba maalumu ya Nokia za zamani ya kufanya sauti iwe nzuri zaidi na ilikuwa inakula chaji zaidi. Eti ukisahau funguo ndani ya gari mtu wa nyumbani abonyeze rimoti ya akiba kwenye simu na wewe uweke simu yako mlangoni, mlango utafunguka, haufunguki, rimoti inatuma mawimbi ya redio na simu inabeba sauti tu.

Sasa swali lenyewe la yule baba. Uko wapi?

Watu wengi wanaamini ukipiga tu polisi wanakuona kwenye skrini kama kwenye filamu. Kilichopo ni kwamba mtandao unajua umetumia mnara gani, na mnara mmoja wa GSM kule kwenye nafasi unaweza kuhudumia mpaka kilomita 35. Kilomita 35 kila upande! Ni kama kuambiwa mtu yuko kati ya Chalinze na huko unakoelekea, kamtafute, tena usiku. Kuna nchi za Ulaya simu ikipiga dharura inatuma yenyewe mahali ilipo kwa ujumbe wa kimyakimya, mfumo mzuri sana, ila usipange safari yako kwa kutegemea kwamba huku njiani utafanyiwa hivyo. Panga kwa kutegemea mdomo wako.

Mdomo wako unasema hivi, kwa mpangilio huu, kutoka kubwa kwenda dogo: mkoa, barabara, mji uliopita na mji ulio mbele, upande unaoelekea, halafu alama. Mfano, "Niko mkoa wa Morogoro, barabara ya Iringa kwenda Morogoro, nimetoka Ruaha Mbuyuni dakika kama kumi na tano, bado sijafika Mikumi mjini, naelekea Mikumi, jiwe la kilomita linasoma hivi, gari IST nyeupe, niko peke yangu, sijaumia, kuna watu wamesimama mbele yangu nina wasiwasi nao." Hapo umemaliza, sekunde ishirini, hata ikikata wanajua pa kuanzia. Ukisema mkoa kwanza unamsaidia pia aliyepokea, maana kama simu yako imeangukia mkoa wa jirani atajua mara moja aipeleke wapi.

Alama ni nini porini? Jiwe la kilomita, vile vinguzo vifupi pembeni mwa lami vyenye herufi na namba, tunavipita kila siku hatuvisomi. Daraja lenye jina la mto. Kibao cha kijiji au cha shule. Nguzo kubwa za umeme nazo huwa zimeandikwa namba. Sheli ya mwisho uliyoiona na ilikuwa dakika ngapi zilizopita. Mi sasa hivi nikiwa naendesha peke yangu nina tabia ya kutaja kwa sauti kila mji ninaopita pamoja na saa, Doma saa kumi na moja na robo, watu wakinisikia watashangaa lakini sitaki tena kuulizwa mkoa nikajibu mibuyu.

Na kuna GPS, ambayo wengi hawajui kwamba haihitaji mtandao. Setilaiti za GPS zinatangaza tu kama redio, simu inasikiliza na kupiga hesabu yenyewe. Bila data inaweza kuchukua dakika kadhaa kushika, iweke juu ya dashibodi ione anga, usiikumbatie. Fungua ramani, kandamiza kidole palepale kwenye kidoti cha buluu, zitatokea namba mbili, kwa mfano -7.4069, 36.9785. Ya kwanza ni umbali wako kusini au kaskazini mwa ikweta, ya pili ni mashariki. Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha, zinakupa mahali kwa tofauti ya mita kama 11 tu, hizo nyingine ndefu achana nazo utazikosea. Ila ile alama ya kutoa pale mbele usiiache kamwe! Hizo namba na alama yake zinaangukia maeneo ya Mikumi. Toa hiyo alama, uandike 7.4069, 36.9785, unamtuma mtu Ethiopia, kusini kidogo ya mji wa Jimma. Kwa simu usiseme "minasi" halafu ukategemea kasikia, sema "nyuzi saba kusini".

Hizo namba unaweza kumtumia ndugu kwa meseji ya kawaida, na hapa meseji ya kawaida ni bora kuliko WhatsApp. Mtandao ukiwa dhaifu sana, kijistari kimoja kinakuja kinaondoka, simu ya sauti itakatika lakini SMS inahitaji sekunde tu ya nafasi ipite, na ikishindikana upande wa anayepokea mtandao unaendelea kujaribu wenyewe. Kumbuka tu SMS inahitaji mtandao wako mwenyewe, kwenye Simu za dharura tu haitoki. WhatsApp haiwezi kupiga 112 kabisa. Inachofaa ni ile ya kushea mahali ulipo moja kwa moja, dakika 15, saa 1 au saa 8, washa saa 8 kabla hujatoka mjini ukiwa na data nzuri, kwa mtu mmoja anayeamka akipigiwa, sio kwenye grupu la watu themanini ambalo kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia.

Sasa barabarani penyewe. Gari likikufia cha kwanza ni kulitoa kwenye lami hata kama rimu itaharibika, rimu inanunulika. Hazadi washa. Halafu pembe tatu, na hapa niombe tupige hesabu pamoja. Lori likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Ukiweka pembe tatu hatua thelathini nyuma ya gari, yule dereva akiifikia ana sekunde moja na kidogo, hajaondoa hata mguu kwenye mafuta. Nenda hatua mia, na kama uko kwenye kona au kwenye mteremko iweke kabla ya kona, aione akiwa bado hajakuona wewe. Yule utingo aliyenisaidia usiku ule, maana lori lilisimama, dereva mtu mzima na kijana wake, yule kijana kabla hata hajanisalimia vizuri alichukua panga akakata matawi akaenda kuyapanga barabarani, moja hapa, jingine kule, mpaka mbali kabisa ambako taa zetu hazifiki. Nikamuuliza mbona mbali hivyo. Akasema, "Dada, wanaokuja ni sisi, na sisi najua tunavyokuja." Matawi ni lugha ya barabara zetu na kila dereva anaielewa, lakini ukimaliza yaondoe, na mawe uliyozuia tairi yaondoe, kuna watu wamekufa kwa sababu ya jiwe aliloacha mwenzao aliyetengeneza gari akaenda zake.

Ukae ndani ya gari au nje? Hapa hakuna jibu moja. Kama gari bado liko karibu na lami na magari yanapita kasi, kukaa ndani ni hatari, toka upande usio wa barabara usimame mbali, nyuma ya kingo au juu ya tuta. Kama gari limetoka vizuri barabarani na ni usiku na hofu yako ni watu, kaa ndani, milango loki, kioo kiache uwazi wa vidole viwili wa kuongelea, atakayekuja kusaidia anaweza kusaidia ukiwa umeongea naye kwa huo uwazi. Kama uko katikati ya hifadhi ya Mikumi, ile sehemu ya kama kilomita 50 ambayo barabara inapita ndani ya mbuga, usitoke kabisa kwenda kutafuta mtandao kwa miguu, pale kuna simba na tembo wa kweli, hazadi washa usubiri gari au askari wa hifadhi.

Ukihisi unafuatwa, usiende nyumbani. Utamwonesha geti lako. Ingia sheli yenye taa na watu, au kituo cha polisi. Piga 112 simu ikiwa kwenye spika, usiishike sikioni, unahitaji mikono yote na sheria nayo haitaki. Ukisimamishwa na watu wenye nguo za kiraia sehemu ya giza, na hili wanawake wengi wananiuliza, mi sishauri kukimbia, mtu akiwa kweli polisi umejiletea balaa jingine. Punguza mwendo, hazadi washa aone kwamba umemwona, msogelee taratibu huku unaashiria kwa mkono kwamba unaenda kusimama pale penye taa mbele, na wakati huo 112 iko hewani unawaambia uko wapi na nini kinatokea. Ukisimama, kioo nusu, omba kitambulisho kwa heshima.

Ukikuta umegonga au umegongwa na umeumia, simu nyingi za sasa zina njia ya mkato, kwenye Android nyingi ni kubonyeza kitufe cha kuwashia mara tano harakaharaka, kwenye iPhone ni kushikilia kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti. Iangalie leo kwenye setingi inapiga namba gani na inamtumia nani ujumbe, kwa sababu isipowekwa majina haimtumii mtu.

Na kama ni lori la mafuta limeanguka, iwe ni wewe umegongana nalo au umelikuta tu, ondoka. Usisimame kuokoa gari lako, usisimame kupiga picha, sogea mbali upande unakotoka upepo, halafu ndo upige 114. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Kenya ilishatokea Sachangwan, Januari 2009, vilevile, zaidi ya 100. Wengi wao hawakuwa kwenye ajali. Walikuja baada ya ajali.

Vya kubeba ni vichache. Laini ya pili ya mtandao tofauti, ikiwezekana ndani ya kiswaswadu chenye chaji ya siku tatu, kiweke kwenye dashibodi kikiwa kimezimwa. Tochi. Chaja ya gari. Maji. Spana ya tairi, ifungue buti sasa hivi uione kwa macho yako. Namba tatu umeziandika kwenye karatasi, kwa sababu simu ikivunjika hakuna namba ya mama yako hata moja unayoikumbuka kichwani.

Na ukibonyeza 112 kwa bahati mbaya, simu ikiwa mfukoni au mtoto akiichezea, usikate kwa aibu. Subiri apokee, mwambie samahani afande nimekosea, niko salama. Ukikata kimya anabaki hajui kama ni mtoto au ni mtu aliyenyang'anywa simu katikati ya neno, na wakati anahangaika na namba yako kuna mwingine anaita.

Yule dereva wa lori alinifungia tairi kwa spana yake, akakataa hela, akaniambia nimfuate nyuma mpaka Mikumi mjini. Nilipoona mtandao wangu umerudi nilisimama nikapiga tena 112, nikawaambia mimi ndo yule dada wa mibuyu, nimeshatoka, msinitafute. Aliyepokea alikuwa mwingine, lakini akaniambia subiri, nikasikia anageuka anamwambia mtu, "Kapatikana."